Mteja wa Saa Tisa

Verna Sabol aliisugua ile sahani Jumamosi jioni mpaka ikatakata, akaiweka kwenye kichanja cha jikoni ikauke. Jumatatu aliporudi kutoka kazini akaikuta na mistari mitatu mipya ya kijivu, ile ambayo kisu huacha mtu anapokata nyama. Akaitazama, koti bado mwilini. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, amepika uji na mayai ya wagonjwa mia mbili, na nguvu ya kushangaa hakuwa nayo. Akamwuliza mumewe, Emil, kama ameitumia. Emil akajibu kwamba sahani nzito namna ile yeye angeitumia ya nini, na tangu lini akaonekana anaosha chombo na kukirudisha kichanjani.

Hilo lilikuwa kweli, tena kweli ya miaka arobaini ya ndoa.

Mimi nilipika na Verna katika jiko moja la hospitali miaka tisa, na haya alinisimulia mwenyewe, mengine tukimenya viazi, mengine kwa simu baada ya kuacha kazi. Si mwanamke wa kutunga mambo. Hata ule uongo mdogo wa kumfariji mgonjwa ulikuwa unamshinda. Wakati huo alikuwa amebakiza wiki tano astaafu, ana miaka sitini na minne, vifundo vya miguu vimevimba kama mikate iliyoumuka. Wenzake tulimwuliza atafanya nini akistaafu, ataenda wapi, ataona nini. Akasema ataketi. Tukacheka, lakini yeye hakucheka.

Starehe yake moja ilikuwa vyombo vya mikahawa iliyokufa. Si vile vyembamba vya harusi. Ni vile vinene, vilivyochomwa ili vianguke na visivunjike, vyenye alama ya mkahawa ukingoni. Katika bonde letu la Mahoning kila lango la kiwanda cha chuma lilikuwa na mkahawa wake, kaunta moja na stuli kumi, na matanuru yalipozimwa mikahawa ikaondoka nayo, mabati, mbao na jina. Kilichobaki ni sahani kwenye makasha ya watu. Verna alikuwa na chumba kizima chini ya nyumba, rafu hadi darini, na kila chombo alikijua kilikotoka. Kisichojulikana kwao hakikumpa usingizi.

Sasa wakusanyaji wa vyombo hivi wana desturi yao. Chombo kikiingia nyumbani, kabla ya yote huondolewa ile mistari ya kijivu. Kisu hakikati sahani kama zile, huacha tu rangi ya chuma chake juu yake, na ipo poda ya kuisugua ikatoka. Hakuna anayejiuliza mara mbili. Na sahani hii, ambayo Verna aliitoa katika kasha la vyombo kwenye mauzo ya kanisani, ilikuwa na mistari mingi kuliko yoyote aliyowahi kushika; katikati yote ilikuwa imegeuka kijivu. Aliisugua kwa muda wa saa nne. Ilipotoka ilikuwa nyeupe ya maziwa, na ukingoni ina ndoo ndogo ya kijani, ile ya mfanyakazi ya kubebea chakula. Jina hapana.

Akaifuta ile mistari mitatu, akaisahau.

Siku ile ile Emil akaanza kulalamikia chakula. Emil alikuwa mtu wa kiwandani tangu ujana, na ingawa kiwanda kilifungwa zamani, tumbo lake halikupata habari: chakula kikubwa alikula saa tisa mchana, saa ya kutoka zamu, kama baba yake kabla yake. Verna alifika nyumbani saa nane, akapika, na saa tisa walikuwa mezani. Jumatatu ile ilikuwa kabeji na tambi, zimekaangwa na nyama ya nguruwe. Emil akatafuna, akaweka uma chini.

"Mama," akasema, maana wanaume wa huko wakizeeka huwaita wake zao hivyo, "hiki chakula umekipika au umekichora?"

Verna akaonja kwenye sufuria. Chumvi ilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Akaonja kwenye sahani ya Emil. Ilikuwa ni kutafuna karatasi iliyoloa.

Jumanne ikawa hivyo, Jumatano hivyo. Verna akaongeza chumvi, pilipili, siki, vitunguu. Sufuriani vilinukia mpaka kwa jirani, kwenye sahani ya Emil vikafa. Naye aliendelea kula, maana alilelewa kutobakisha, lakini chakula hakikumwingia. Wiki ya pili akatoboa mkanda wake tundu jipya. Wiki ya tatu akatoboa jingine, na suruali ikabaki inaning'inia tu. Daktari akampima damu, akampima mapafu, akampiga picha ya tumbo, akasema haoni kitu. Verna akaanza kumtazama usingizini. Alikuwa na mume mmoja, alisema, na hakuwa na nguvu ya kuanza upya na huzuni.

Jumamosi ya wiki hiyo hakuwa na zamu. Jua lilikuwa limejaa dirishani, redio ya jirani inaimba, mchana wa kawaida kabisa. Alikuwa amemkaangia Emil kipande cha nyama na vitunguu. Emil akakata kipande cha kwanza, akakiinua, na ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya mgongo wa Verna, kitu kikalia kriii. Emil akashusha uma. Kimya. Akauinua tena, na kabati likalia tena, taratibu, mlio wa kisu kinachopita juu ya kauri, kisha kikatulia kama vile mwenye kisu anatafuna.

"Umesikia?" Emil akanong'ona.

"Nimesikia."

"Usifungue."

Lakini mwanamke aliyefungua masufuria ya watu maisha yake yote hawezi kuacha mlango umefungwa, kwa hiyo Verna akainuka, akashika kitasa, na kabla hajakivuta harufu ikamfikia kupitia ufa wa mlango, kwanza vitunguu vinavyokaangwa kwenye bati la moto, vitamu, vya kumtoa mtu mate, kisha kahawa iliyokaa jikoni tangu asubuhi, kisha chini yake kitu kingine ambacho hakikuwa chakula, moto wa chuma, sufu iliyoungua, nywele, na alipouvuta mlango akaiona ile sahani yenye ndoo ya kijani juu ya rundo la nyingine, nyeupe kama alivyoiacha, na juu ya ule weupe, bila mkono, bila kisu, mstari wa kijivu ukianza upande wa mbali na kuja kuelekea kwake polepole, ukipiga ule mlio uliomwingia kwenye meno, mpaka ukafika katikati ukasimama. Akaufunga mlango. Mezani, nyama ya Emil ilikuwa nzima, kipande kimoja tu kimekatwa, lakini imekuwa ya kijivu na kavu kama soli ya kiatu.

Siku hiyo hiyo akaitoa nje akaiangusha kwenye saruji. Ikadunda. Akaipiga nyundo, nyundo ikamrukia. Vyombo vile vilitengenezwa visivunjike, na hapo ndipo Verna alipovilaani kwa mara ya kwanza. Akaitia kwenye pipa la taka, gari la taka likaichukua Jumatatu, na Jumatatu hiyo hiyo saa tisa mlio ukatoka kabatini kama kawaida, kabatini mlimo na vikombe tu. Emil hakuweza hata kumeza maji. Alitapika mate ya kijivu. Jumanne asubuhi sahani ilikuwa mlangoni, juu ya zulia la kufutia miguu, safi, ina mstari mmoja zaidi.

Akaita kasisi. Kasisi akaja na maji yake, akanyunyiza kila pembe, akasoma kwa sauti nzuri, akakaribishwa keki. Akaila yote kwa adabu, kisha akasema samahani, je, keki hii ilisahauliwa sukari? Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Verna akamwambia ndiyo, ilisahauliwa, akamsindikiza mlangoni. Akarudi akaketi sakafuni jikoni. Alisema hakulia. Alikuwa amechoka mno, na kulia kunataka nguvu.

Akafanya jambo pekee alilojua kulifanya. Akaigeuza ile sahani chini juu, akavaa miwani, akampigia simu Clyde Mottram.

Clyde ni mzee wa upande wa Ohio, postamasta mstaafu, na hakuna muhuri wa mfinyanzi asioujua. Verna hakumwambia habari za kabatini. Alimsomea tu: jina la kiwanda cha ufinyanzi, Tarrant na Roe, kisha herufi ndogo na nukta mbili, kisha muhuri wa duka lililouza, la hapa hapa mjini Corvale. Makaratasi yakasikika upande wa Clyde. Herufi ile na nukta zile, akasema, ni masika ya mwaka hamsini na tatu. Ndoo ya kijani anaijua. Yeye mwenyewe anacho kikombe chake. Akaahidi kuuliza wengine.

Siku tatu baadaye akapiga yeye, na sauti yake ilikuwa chini.

"Verna, nimepata vipande kumi na saba kwa watu sita. Nimevipanga kwa mihuri yake, mwaka baada ya mwaka. Arobaini na saba, sahani kubwa, bakuli, vikombe. Arobaini na tisa, sahani. Hamsini na moja, sahani. Hamsini na tatu, sahani, ndiyo hiyo yako. Mkahawa unaofanya kazi sana, unaona? Kila miaka miwili wanaongeza."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hakuna sahani tena. Hakuna bakuli. Lakini vikombe vinaendelea, hamsini na sita, sitini, sitini na nne, hadi sabini. Vikombe na visahani vyake peke yake." Akavuta pumzi. "Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Mkahawa ukifa, vyombo vyote hukoma pamoja. Huu haukufa. Uliacha kulisha watu. Mwaka mmoja wanauza chakula tele, mwaka wa pili kahawa tu, kwa miaka kumi na saba. Mkahawa wa langoni, watu wana njaa ya kiwandani, na wewe unawauzia kahawa. Nini kiliwapata?"

Verna alijua. Chakula cha mkahawa ule kilikuwa kimepoteza ladha. Akamwuliza Clyde jina. Lilikuwa kwenye kitabu cha michoro cha wale wafinyanzi: P. Halko, Mtaa wa Lango, Corvale.

Kesho yake alikwenda huko akitoka kazini, kabla ya kurudi nyumbani, akiwa na aproni ya hospitali chini ya koti. Mtaa wa Lango sasa ni magugu na uzio. Alipofika mahali penyewe akaona sakafu ya saruji iliyopasuka na, kwa mstari mmoja, miduara kumi ya kutu ambapo stuli zilifungwa chini kwa boliti. Magugu yalikuwa yameota kila mahali ila kuzunguka mduara wa mwisho. Hapo saruji ilikuwa imelika upande wa kushoto, imekuwa na bonde dogo, kama kizingiti cha nyumba ya zamani kinavyolika kwa miguu. Mtu alikuwa amesimama pale muda mrefu.

Emil alikuwa kitandani aliporudi. Aliposikia jina la Halko akafungua macho.

"Kwa Halko nimekunywa kahawa," akasema. "Nilipoanza kazi mwaka wa sabini. Kahawa tu. Wazee walikuwa wanatuambia ukiingia na mkate wako usiule mle ndani. Tukadhani utani. Na palikuwa na mhudumu mmoja, kila saa tisa anatoa sahani ya nyama, anaiweka mbele ya stuli ya mwisho ambayo haina mtu, anasimama. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka."

"Nani?"

"Olga Petrik. Yule wa karibu na kanisa. Si wamempeleka kwa masista majuzi?"

Mauzo yale ya kanisani yalikuwa majuzi. Verna hakuvua koti.

Nyumba ya wazee ya masista iko mlimani. Bi Olga alikuwa na miaka themanini na minane, kipande cha mtu kwenye kiti cha magurudumu, miguu yake imefungwa bendeji hadi magotini. Verna akaitazama miguu ile kwanza, kwa mazoea ya kazi, akajua huyu ni mwenzake. Akatoa sahani kwenye mfuko. Bi Olga hakushtuka. Alipitisha vidole katikati, mara moja, mara mbili, akitafuta kitu.

"Uliisugua," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Kwa poda?"

"Kwa poda. Ndivyo tunavyofanya."

Bi Olga akafumba macho. "Karibu miaka sabini, mwanangu. Kila siku mstari wake. Mimi niliiosha kwa maji ya moto na kitambaa, basi, ili aione. Ile mistari ndiyo ilikuwa inamwambia kwamba amekula. Wewe umeifuta kwa jioni moja. Sasa anajiona kama siku ile ile, hajatia kitu tumboni."

Verna akauliza ni nani. Bi Olga akamwambia kwa sauti ya chini, akitazama mlango, kana kwamba masista wangemfukuza kwa kuyajua hayo.

Aliitwa Mihal Dzurko, kijana wa miaka ishirini na sita. Hakuwa mchumba wake wala ndugu yake. Alikuwa mteja wa stuli ya mwisho, basi, mpole, anayesema ahsante. Siku hiyo ametoka zamu, ana njaa, ameletewa nyama yake na vitunguu, amekata mara tatu, na kabla hajatia cha kwanza mdomoni msimamizi akaja mlangoni: mtu mmoja juu ya tanuru ameugua, Mihal arudi ashike nafasi yake kwa zamu nyingine. Mihal akaitazama sahani. Olga, ana miaka kumi na tisa na mkono mmoja una birika, akamwambia aende tu, atamwekea, akirudi atamalizia. Mihal akacheka, akasema, usimpe mtu kiti changu. Akaenda.

Watu wakajaa. Halko akapiga kelele kwamba kuna stuli tupu na wateja wamesimama. Olga akaisukumia nyama ile kwenye pipa, akapangusa kaunta, akamkalisha mtu mwingine. Saa kumi na moja king'ora kikalia. Mihal alikuwa ameteleza kutoka kwenye daraja la juu, akaingia kwenye ndoo kuu, ile ya chuma kilichoyeyuka, tani mia. Hakurudishwa hata ukucha. Wenye kiwanda walikata bonge la chuma kutoka katika myeyuko ule, wakalizika makaburini kwa jina lake, na mama yake akapiga magoti akakililia chuma.

Ahadi ni deni, sisi husema, na tunaisema kirahisi.

Wiki iliyofuata chakula cha Halko kikaanza kuharibika. Akabadilisha muuza nyama, akabadilisha mpishi, akabadilisha jiko. Wateja walikonda, wakalaumu, wakaondoka. Olga alikuwa anausikia ule mlio chini ya kaunta, akajua, akanyamaza kwa woga mwaka mzima. Kisha siku moja saa tisa akatoa nyama ya kwanza kutoka jikoni, akaiweka mbele ya ile stuli, kwenye sahani ile ile, akasimama pale ambapo bega la Mihal lingekuwa mpaka kisu kikanyamaza. Siku hiyo wengine wote walikula wakashiba. Lakini jina la Halko lilikwisha kuchafuka, ikabaki kahawa. Mkahawa ulipobomolewa akaichukua sahani nyumbani kwake. Hakuolewa. Nani angeoa mwanamke ambaye kila siku saa tisa lazima awe nyumbani kwake, amesimama?

"Halafu ukampa nani? Kanisa?" Verna akauliza. Hasira ilikuwa imempanda, ikatafuta pa kukaa ikakosa. "Mume wangu anakufa, Bi Olga."

"Masista hawana jiko la mtu mmoja mmoja. Na nilichoka." Akalisema bila kujitetea. "Nilijiambia sahani ikienda mbali, labda na yeye atakwenda. Sikufikiri ingeangukia nyumba ambayo bado wanakula saa tisa. Nisamehe, mwanangu. Nilichoka."

Verna aliniambia kwamba alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumkanda miguu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akauliza inafanywaje.

Bi Olga akamwambia. Ahudumiwe yeye kwanza, kabla ya mwenye nyumba. Nyama, vitunguu, viazi, kahawa bila maziwa. Kiti kivutwe. Usimame nyuma ya bega lake la kushoto. Usimzungumzishe. Kisu kikinyamaza, osha sahani kwa maji na kitambaa. Kila siku, Krismasi na Pasaka pia.

"Na usiketi," akasema. "Ukiketi anadhani umempa mtu kiti chake."

"Mpaka lini?"

Bi Olga akamrudishia sahani. "Mimi nilidhani mpaka nife," akasema.

Kesho yake saa tisa kasoro Verna alimtoa Emil kitandani, akamkalisha na mito, kilo zake hazifiki hamsini na tano. Hakumweleza. Akaweka nyama ya kwanza kwenye sahani ya ndoo ya kijani, akaiweka upande wa pili wa meza, akavuta kiti, akasimama nyuma ya bega la mtu ambaye hayupo. Kiti kikaingia chenyewe. Joto likampiga usoni, joto la mlango wa tanuru uliofunguliwa, na ile harufu ya sufu na nywele ikapanda mbele yake kiasi kwamba kama angenyoosha kidole angegusa kitu, na kisu kikaanza, mara moja, mara mbili, mara tatu, kikasita hapo, kikasita muda mrefu mno, naye Verna akiwa ameshika birika kwa mikono miwili ili lisigongane na kikombe, akisikia miguu yake ikimwambia keti, keti, keti hata sakafuni, na macho ya Emil mbele yake yakiwa meupe kwa hofu, mpaka kwa mara ya kwanza jikoni mle likasikika jambo jipya, mtu anayetafuna.

"Kula," Verna akamwambia mumewe kwa kunong'ona.

Emil akatia uma mdomoni. Akatafuna. Machozi yakamtoka, yakapita kwenye mashavu yale yaliyobonyea.

"Mama," akasema. "Kuna chumvi."

Alikula sahani mbili. Mwisho wa mwezi alirudi kwenye tundu la zamani la mkanda. Verna akastaafu siku yake, tukamfanyia keki, akaondoka saa nane kasoro akitazama saa. Safari hakuna, kutembelea ndugu hakuna, hospitali ya kumtibu miguu ikampa miadi ya alasiri akaikataa. Nilimwuliza kwa simu kama hajuti. Akasema Emil ana kilo sabini na tano, na swali jingine sikuliuliza.

Mwezi wa kumi na moja Bi Olga akafa usingizini. Walimzika asubuhi, watu wanane na masista, na Verna alisimama kaburini mpaka mwisho, kisha akawahi nyumbani kupika.

Saa tisa kiti cha upande wa pili kikaingia, kama siku zote. Kisu kikaanza. Emil, ambaye sasa ameshazoea mpaka anasoma gazeti, akatia kijiko cha kwanza mdomoni, akaacha kutafuna. Akamtazama mkewe. Hakusema, lakini Verna alijua ile sura, aliisoma kila siku Emil alipokuwa anakonda. Chumvi ilikuwa imeondoka.

Kisha kiti cha pembeni, kile cha Verna mwenyewe, kikavutwa nyuma. Kilivutwa polepole, kwa kusitasita, kama anavyokivuta mtu mwenye magoti mabovu. Kikalia kwa uzito. Na katika kimya kile ikasikika pumzi ndefu ya mtu aliyesimama karibu miaka sabini, na leo ameketi.

Verna akaenda kabatini, akatoa sahani nyingine. Akagawa chakula chake mwenyewe, akaiweka mbele ya kiti chake, akamimina kahawa ya pili, akarudi kusimama, sasa katikati ya viti viwili. Baada ya muda Emil akatafuna tena, taratibu, akameza. Akaangalia vifundo vya mkewe vilivyofura juu ya viatu.

"Keti nawe, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Umesimama tangu asubuhi."

"Siwezi," Verna akasema. "Wamekuwa wawili."